Maswali ya Wasomaji: Chakula Kinachojipasha Moto Bila Jiko

Katika toleo lililopita tuliweka picha ndogo ya sanduku la tambi likifuka mvuke juu ya meza isiyokuwa na jiko wala waya wa umeme, na chini yake tukaandika sentensi moja tu. Sentensi hiyo haikuwatosha wasomaji wetu wa Mombasa. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua sita, na ya kwanza tumeipa sehemu kubwa kwa sababu ndani yake zimo karibu barua nyingine zote.

SWALI: Assalaam aleikum. Mwanangu hufanya biashara ya nguo, naye amerudi kutoka Guangzhou na masanduku manne ya chakula. Alilifungua moja mbele yetu, akatia maji ya mfereji sehemu ya chini, akalifunika, na kabla ya dakika kwisha likaanza kunguruma na kutoa mvuke kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu mzima, aliondoka mezani akasema hawezi kula kitu kilichopashwa na moto asiouona. Mimi nilikula, lakini moyo haukutulia. Moto huo unatoka wapi, na je, hauachi kitu ndani ya chakula? – Mama wa watoto watatu, Mji wa Kale.

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Mfikishie mama mkwe wako salamu zetu za heshima, na umwambie kwamba moto huo yeye anaujua kuliko mwanao aliyeuleta. Ikiwa amekulia Mji wa Kale, basi hakosi kuona chokaa ikizimwa.

Nieleze kwa ajili ya vijana ambao hawakuwahi kuliona jambo hilo. Nyumba za mawe za mwambao wetu, pamoja na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa mwaka 1593, zimesimama kwa matumbawe na chokaa, na chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo. Nilipokuwa mtoto, nyumba ya jirani yetu ilikuwa ikikarabatiwa, na fundi alijenga hodhi ya matofali uani, akatia ndani yake mabonge meupe, mepesi kuliko yalivyoonekana. Alipoyamwagia maji hapakutokea kitu. Sisi watoto tukasogea. Kisha bonge moja likapasuka kwa mlio mdogo kama wa punje ya mahindi kikaangoni, jingine likafuatia, na mara hodhi nzima ikawa inatokota, mvuke ukipanda hadi dirisha la juu, na fundi akatufukuza kwa ukali ambao sikuuelewa mpaka nilipokuwa mtu mzima. Mafundi huiita kazi hiyo kuzima chokaa, na ni jina la haki, kwa kuwa anayeitazama huona wazi kwamba upo moto unaozimwa. Kilichomo katika sanduku la mwanao ni hodhi hiyo, imepunguzwa ikatoshea kiganjani.

Matumbawe na mawe ya chokaa, kwa lugha ya wanakemia, ni kalsiamu kaboneti. Yakichomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 900 za Selsiasi hivi, hewa ya kaboni dayoksaidi hutoka ndani yake ikaenda zake, na katika kila kilo 100 za mawe safi hubaki kilo 56 tu za kitu cheupe kiitwacho kalsiamu oksaidi, ambacho hapa nitakiita chokaa kavu, yaani chokaa ambayo bado haijazimwa. Chokaa kavu ina kiu. Ikipata maji huyanywa yakawa sehemu ya mwili wake, na katika kuungana huko hurudisha zaidi kidogo ya theluthi moja ya lile joto lililotumika kuitoa hewa tanurini. Kwa hiyo moto uliopasha tambi zenu uliwashwa siku nyingi kabla mwanao hajaingia dukani, ukakaa ndani ya unga mkavu ukingojea maji.

Sasa tulifungue sanduku. Yako mabakuli mawili ya plastiki yaliyopandana. La juu lina chakula, ambacho kwa kawaida huwa kimekwisha kupikwa au kukaushwa kiwandani na kufungwa katika mifuko yake. La chini lina mfuko bapa wa kitambaa kinachopitisha maji, na ndani ya mfuko huo umo unga wa chokaa kavu, ambao mara nyingi huchanganywa na unga wa alumini na magadi. Alumini imewekwa kwa hesabu. Peke yake haishughulishwi na maji, kwa kuwa imevikwa ngozi nyembamba ya kutu yake yenyewe. Lakini chokaa ikishalowa, maji yake makali huivua ngozi hiyo, na alumini iliyobaki uchi nayo ikaanza kuungana na maji na kutoa joto jingi zaidi kwa kila gramu kuliko chokaa. Chokaa huanza haraka, alumini huendeleza. Mvuke unaopanda hugonga tako la bakuli la juu, ukageuka matone, na katika kugeuka huko huacha joto lake kwenye plastiki, nayo huliingiza chakulani. Baada ya dakika 10 hadi 15 kazi huwa imekwisha.

Nililijaribu moja barazani kwangu, juu ya ubao, nikiwa na saa mkononi. Nilivyotia maji, mfuko ulivimba polepole kama andazi kwenye mafuta, sauti ya kuchemka ikaanza, na kutoka katika tundu la kifuniko ukatoka uzi wa mvuke ulionyooka kama wa birika. Jambo lililonivutia ni kwamba mngurumo haukuongezeka daima. Ulifika kiwango chake ukatulia hapo. Sababu ni maji. Maji yakifika nyuzi 100 huchemka, na joto lolote linalozidi hutumika kuyageuza mvuke badala ya kuongeza ukali, kwa hiyo maji ndiyo breki ya chombo hiki. Mtu akitia maji kidogo mno, chokaa ikayamaliza kabla haijashiba, breki hiyo hukosekana, na mfuko unaweza kupanda juu sana ya nyuzi 100 na kuyeyusha plastiki. Akitia mengi mno, joto hugawanyika katika maji yasiyo na faida na chakula kikabaki vuguvugu. Mstari uliochorwa ndani ya bakuli la chini haukuwekwa kuwa pambo.

Kuhusu swali lako la pili, chakula hakigusani na chokaa mahali popote, mradi bakuli la juu halina ufa. Kinachopanda ni mvuke wa maji pamoja na haidrojeni kidogo, ambayo haina harufu wala haikai chakulani. Ikiwa mfuko wa joto umepasuka na unga au maji yake meupe yameingia katika bakuli la juu, kitupeni chakula hicho. Asije mtu akasema kwamba chokaa huliwa kwa tambuu na popoo tangu enzi za mababu: ile ya tambuu imekwisha kuzimwa zamani, nayo hupakwa kwa ncha ya kidole, na bado wazee wanajua inavyochoma ulimi ikizidi. Kuhusu uhalali wa nyama iliyomo, joto halina la kusema. Someni lebo, na kama imeandikwa kwa lugha ambayo hakuna anayeisoma nyumbani, muulizeni anayeijua kabla ya kufungua.

Barua yako haisemi kama masanduku hayo yalikuja kwa meli pamoja na mzigo au kwa ndege. Natumaini ni meli, maana mashirika mengi ya ndege hayaruhusu kabisa mifuko hii ya joto, hata ndani ya begi la chini.

SWALI: Mimi ni dereva wa lori, nabeba makontena kutoka bandarini hadi Malaba. Usiku tukiegesha, kuwasha jiko la gesi karibu na lori ni taabu. Je, masanduku haya yanaweza kutumika ndani ya kebini, vioo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya mbu? Utingo wangu huvuta sigara. – Dereva, Changamwe.

JIBU: Ndugu dereva, sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu. Usifanye hivyo.

Nimetaja haidrojeni juu juu katika jibu la kwanza kwa kuwa chumba cha Mji wa Kale kina madirisha. Kebini iliyofungwa ni habari nyingine. Alumini inapoungana na maji hutoa haidrojeni, na hewa hiyo hushika moto hata ikiwa ni sehemu 4 tu katika 100 za hewa iliyopo. Iko mifuko ya aina nyingine, hasa ile ya kijeshi, isiyotumia chokaa kabisa, nayo hutoa haidrojeni nyingi zaidi. Ndani yake umo unga wa magnesiamu uliochanganywa na chuma kidogo na chumvi. Ukitia maji ya chumvi kati ya metali mbili zisizolingana, hutokea kitu kinachofanana na betri iliyounganishwa vibaya: magnesiamu huliwa kwa kasi, na nguvu ambayo betri ingetoa kama umeme hutoka yote kama joto. Gramu 1 ya magnesiamu hutoa takriban kilojuli 14 (juli ni kipimo cha joto, na kilojuli ni juli 1,000), mara 12 hivi ya joto la gramu 1 ya chokaa kavu, lakini pia hutoa karibu lita 1 ya haidrojeni. Mifuko miwili ikitumika kwa pamoja ndani ya kebini, lita zinajumlishwa, na kiberiti cha utingo kitafanya kazi ambayo hakuna aliyekituma.

Wanajeshi wa Marekani wamekuwa wakipewa mifuko hii pamoja na mgao wao wa chakula tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Askari hutumbukiza pakiti ya chakula katika mfuko, hutia maji kidogo, huurudisha ndani ya boksi la karatasi, kisha huliegemeza upande mmoja ili maji yasimwagike. Juu ya mfuko huo upo mchoro unaoonyesha boksi limeegemea kitu chenye umbo la donge, na maandishi ya mchoro yanasema kwamba kitu hicho ni jiwe au kitu kingine. Maelekezo ya kijeshi yaliyo wazi kiasi hicho ni nadra kuyapata.

Kabla ya hapo, katika Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuwa na makopo ya supu ya Heinz yaliyopitishwa bomba jembamba katikati, na ndani ya bomba hilo umo utambi wa baruti uwakao polepole. Askari aliugusa utambi kwa sigara yake, na baada ya dakika chache supu ilikuwa ya moto. Makopo hayo yalitumika majeshi yalipotua Normandi, pwani ya Ufaransa, mwaka 1944. Yalikuwa na sharti moja: kabla ya kuwasha, kopo litobolewe matundu juu, la sivyo mvuke ulilipasua na supu ikamrukia mwenyewe.

Sharti hilo halijafutwa mpaka leo. Tundu dogo lililo kwenye kifuniko cha sanduku la plastiki ni mlango wa mvuke, na anayeliziba kwa kidole, kwa leso au kwa kuweka sanduku jingine juu yake anatengeneza bomu dogo. Kwa hiyo, ndugu dereva, shuka, weka sanduku chini penye ardhi tambarare, mbali na sigara na mbali na tangi la mafuta, subiri dakika 15, kisha upande nalo ule. Mbu watakuuma kidogo.

SWALI: Niko kidato cha tatu. Mwalimu wetu wa kemia ametufundisha juu ya mabadiliko yanayotoa joto. Nataka kutengeneza sanduku la namna hii kwa ajili ya maonyesho ya sayansi shuleni, nikitumia chokaa ya dukani. Nitahitaji chokaa kiasi gani kupasha sahani moja ya wali na maharagwe? – Mwanafunzi, Tudor.

JIBU: Swali lako ni zuri, na hesabu yake ni fupi, kwa hiyo tuifanye pamoja. Chukua sahani ya gramu 300. Wali na maharagwe ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kila gramu inahitaji juli 4 hivi ili ipande nyuzi moja. Mombasa chakula kilichokaa mezani kina nyuzi 28. Tukitaka kifike 75, kinapaswa kupanda nyuzi 47. Zidisha 300 kwa 4 kwa 47, utapata juli 56,400, yaani kilojuli 56 na kidogo. Chokaa kavu hutoa kilojuli 1.16 kwa gramu, kwa hiyo unahitaji gramu 49, kama hakuna joto linalopotea. Lakini linapotea: jingine linatoka na mvuke, jingine linabaki katika maji ya chini na katika plastiki. Ukikadiria nusu imepotea, unahitaji karibu gramu 100. Kwa magnesiamu, hesabu hiyo hiyo pamoja na hasara inakupa gramu 8 tu, ndiyo maana jeshi, ambalo askari wake hubeba kila kitu mgongoni, lilichagua magnesiamu, na mwenye duka, ambaye hujali bei zaidi ya uzito, akachagua chokaa.

Rudia sasa hesabu hiyo kwa mji wenye baridi ya nyuzi 5. Chakula kinapaswa kupanda nyuzi 70, na chokaa iliyotosha Tudor inapungukiwa sana. Mwaka 2001 kampuni ya Nestlé ilijaribu kuuza Uingereza kahawa katika kopo linalojipasha lenyewe kwa chokaa na maji, lakini mradi huo ukaachwa kwa kuwa siku za baridi kahawa haikuwa ya moto kama walivyotaka wanywaji. Kopo lile huenda lingefanikiwa hapa kwetu, ambapo kahawa ya moto inauzwa kila pembe ya mtaa na hakuna anayelihitaji.

Ama chokaa ya dukani, itakuvunja moyo. Ile ya mfuko inayouzwa kwa kupaka kuta kwa kawaida imekwisha kuzimwa kiwandani, na ukiitia maji utapata rangi nyeupe baridi. Chokaa kavu yenyewe hupatikana kwa njia nyingine, lakini sikuelekezi huko, kwa sababu unga huo ukiruka jichoni huungana na machozi papo hapo. Mwombe mwalimu wako aonyeshe jambo hilo kwa kiasi kidogo katika maabara, akiwa na miwani ya kinga, nawe uandike vipimo vya joto kila nusu dakika. Jedwali lililojaa vipimo vya kweli litawavutia waamuzi kuliko sanduku linalofuka mvuke.

SWALI: Mimi hupika pilau na biriani kwa oda. Nimefikiria kununua mifuko ya joto peke yake, kupika pilau alfajiri, kuifunga katika mabakuli, na kuiuza kwa abiria wa treni ya SGR pale Miritini, ili waipashe wenyewe njiani. Naomba maoni yako kabla sijatoa pesa. – Mpishi, Kongowea.

JIBU: Dada mpishi, usitoe pesa bado. Pilau yako siishuku hata kidogo. Ninachokihofia ni saa zinazopita kati ya sufuria na abiria.

Masanduku ya kiwandani hukaa dukani miezi mingi bila friji kwa sababu chakula chake kimekaushwa, au kimefungwa katika mfuko usiopitisha hewa kisha mfuko mzima ukapikwa ndani ya mtungi wa mvuke wenye shinikizo, kwa joto la nyuzi 121 hivi, mpaka vijidudu pamoja na mbegu zao ngumu vikafa. Mfuko wa joto haukufanya hata chembe ya kazi hiyo. Wenyewe hupasha tu chakula ambacho tayari kilikuwa salama, na haupaswi kuaminiwa kuivisha kitu kibichi wala kukiponya kilichoharibika.

Pilau yako, ikitoka jikoni saa kumi na moja alfajiri na kufungwa ikiwa bado na mvuke wake, itapoa polepole hadi kufikia joto la hewa ya Mombasa, ambalo vijidudu hulipenda mno. Wataalamu wa chakula huhesabu kwamba kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huongezeka, na wali una adui wake maalumu, aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake husalimika katika sufuria inayochemka, huamka wali unapopoa, na baadhi ya jamii zake hutoa sumu ambayo haiharibiwi hata wali ukichemshwa tena. Hapo ndipo mfuko wa joto unapokuwa msaliti: abiria ataona mvuke, atasikia harufu ya iliki na bizari ya pilau, ataamini chakula kimepikwa sasa hivi, na kabla ya kufika Nairobi, safari ya saa tano hivi, atakuwa anagombania choo.

Tena liko suala la behewa. Mvuke wa moto, maji makali ya chokaa na watoto wanaopita kati ya viti havichanganyiki, na sidhani kama mhudumu yeyote atafurahia kuona masanduku ishirini yakinguruma katika behewa moja.

Njia ya kufaa zaidi ni ile unayoijua. Uza pilau ikiwa ya moto kabisa, juu ya nyuzi 60, ukiibeba katika vyombo vinavyohifadhi joto, na umwambie mnunuzi aile mapema. Ukitaka kweli kuingia katika biashara ya chakula cha kukaa miezi, tafuta kiwanda chenye mtungi wa shinikizo, na uanze kwa kuwauliza Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, masharti yake. Ni gharama, sikufichi.

SWALI: Mjukuu wangu wa miaka sita alitoboa mfuko wa joto kwa mkasi ili aone kilichomo. Tulimwahi kabla hajaufikisha kinywani. Je, kama angepatwa, tungefanya nini? Na mifuko iliyokwisha kutumika itupwe wapi? – Bibi, Mtwapa.

JIBU: Shikamoo bibi, na tunashukuru kwamba hakupatwa. Unga huo mkavu ukimwagikia ngozi, usikimbilie maji mara moja, kwa kuwa maji kidogo ndiyo yanayoamsha joto. Kwanza upanguse kwa kitambaa kikavu mpaka uondoke wote, mvue mtoto nguo zilizoshika unga, kisha umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka. Ukiingia jichoni hakuna kungoja: fungua kope kwa vidole na umimine maji safi bila kukoma kwa dakika 20 angalau, kisha mpelekeni hospitali hata kama amenyamaza na anasema haumwi, kwa sababu madhara ya chokaa jichoni huendelea ndani kwa ndani. Akiumeza, asukutue kinywa, asitapishwe, apelekwe hospitali. Ndimu na siki zisitumike popote. Najua wako watakaosema kwamba tindikali huua ukali wa chokaa, na darasani ni kweli, lakini juu ya ngozi iliyoungua mchanganyiko huo huongeza joto na maumivu.

Mfuko uliotumika uache nje upoe saa chache, mahali asipofika mtoto wala kuku, na uongezewe maji kidogo ili kuhakikisha kwamba hautokoti tena. Ndipo utiwe takatakani. Ule ambao haukutumika msiutupe hivi hivi, kwa kuwa mvua ikiufikia pipani utaanza kazi yake katikati ya karatasi kavu. Unyevu wa hewa ya pwani nao una athari yake: mfuko uliotobolewa na kuachwa kabatini hunywa unyevu kidogo kidogo, chokaa yake ikazimika kimya kimya, na siku mtakapouhitaji hautapata joto la kutosha. Mfuko uliovimba kabla ya kufunguliwa msiutumie kabisa.

SWALI: Tukienda kuvua usiku hatuwashi seredani upepo ukizidi. Maji ya bahari yanafaa kwa sanduku hili, au ni lazima yawe matamu? Na mfuko ukitumika mara moja, hautumiki tena? – Mvuvi, Bandari ya Kale.

JIBU: Maji ya bahari yanafaa. Chokaa haichagui maji, na mifuko ya magnesiamu imetiwa chumvi makusudi. Weka sanduku mahali lisipoweza kupinduka chombo kikiyumba, maana maji ya chini yakishalowesha chokaa hubabua ngozi hata yanapokuwa yamepoa, na usilishike mkononi likiwa linachemka. Mfuko hautumiki mara ya pili. Chokaa iliyozimwa hairudi kuwa chokaa kavu mpaka iingizwe tena katika tanuri ipigwe mamia ya nyuzi, na tanuri hilo huwezi kuwa nalo ndani ya ngalawa.